Bendi ndani ya Second Life: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 9

Wiki ya 1. Kinachojengwa

Lengo ni onyesho la dakika 60 la muziki wa dansi, lipigwe mubashara na lisikike ndani ya Second Life, dunia ya mtandaoni ambayo Linden Lab ya Marekani iliifungua mwaka 2003. Wapigaji wanne wako chumba kimoja Mombasa: drams, besi, gita la ridhimu, na mwimbaji ambaye ndiye anayeshika kayamba. Wa tano, gita la solo, yuko Muscat, Oman. Kila mmoja atakuwa na avata wake, yaani mwili wake wa kidijitali, jukwaani.

La kwanza kueleweka, maana ndilo linalowapoteza wengi: Second Life yenyewe haibebi muziki wa bendi. Kila kiwanja mle ndani kina nafasi ya kuandika anwani moja ya strimu ya sauti. Msikilizaji akikanyaga kiwanja hicho, programu yake inaifuata ile anwani hadi kwenye seva ya aina ya redio, nje kabisa ya Second Life. Avata wanapita njia yao, sauti inapita yake, na zote mbili hazionani mpaka zifike kwenye kompyuta ya msikilizaji. Kwa hiyo mradi una saa tatu zisizokubaliana: saa ya chumba, saa ya strimu na saa ya avata. Karibu kila kosa lililoandikwa humu limetoka hapo.

Ile sauti ya mazungumzo iliyomo ndani ya programu haikufikiriwa. Imetengenezwa kwa ajili ya maneno, na ala haziendi nayo.

Njia ya strimu ni ya zamani. Suzanne Vega aliimba Second Life Agosti 2006, na mwaka uliofuata okestra ya Royal Liverpool Philharmonic ikapiga humo. Seva zimebadilika tangu hapo, mpango haujabadilika.

Wiki ya 2. Sauti ya chumba

Njia nane kwenye miksa. Drams zinakula nne: besi drams, snea, na maiki mbili za juu. Gita la besi linaingia kwa kisanduku cha DI, kinachopeleka ala moja kwa moja hadi miksa, bila spika. Ridhimu ina maiki moja mbele ya spika ya ampu. Mwimbaji moja, kayamba moja. Kayamba lazima iwe na maiki yake, imewekwa usawa wa kiuno, kwa sababu mwimbaji anaishika kwa mikono miwili na ikinaswa na maiki ya mdomo tu inapanda na kushuka kila anapogeuka.

Hakuna spika za jukwaani. Wote wanavaa hedifoni. Hiki si chumba cha hadhira. Ni studio ambayo haina nafasi ya kurudia. Spika moja ya kujisikia ikiwekwa sakafuni inaingia kwenye maiki zote saba na kuifanya sauti iwe kama imetoka kisimani.

Viwango: vilele vya miksa vinaachwa kwenye −6 dBFS (desibeli 6 chini ya sifuri, ukomo wa sauti ya dijitali), wastani wa ukubwa wa sauti karibu −16 LUFS, na kizuizi cha mwisho kimefungwa −1 dB. Ile desibeli moja haiachwi kwa uoga. MP3 ikifunguliwa upande wa pili, vilele vyake huwa juu kidogo kuliko vilivyoingia, na mchanganyiko uliogusa sifuri chumbani unapasuka kwa msikilizaji ilhali taa ya chumbani haikuwahi kuwaka nyekundu.

Kosa la wiki: kadi ya sauti ilikuwa kwenye 48 kHz na programu ya kurusha, BUTT, kwenye 44.1 kHz. Mahali fulani katikati ubadilishaji haukufanyika. Namba hizo zikigawanywa zinatoa 1.088, ambayo kwa mpiga gita ni karibu nusu toni moja na nusu. Bendi nzima ilisikika chini ya ufunguo wake na polepole, kama kaseti yenye betri inayoisha. Dawa: kila kitu 44.1 kHz, kuanzia kadi, mfumo wa kompyuta, BUTT hadi faili za akiba. Hili linakaguliwa kabla ya kila zoezi kwa sababu kompyuta zina tabia ya kurudi kwenye 48 baada ya kusasishwa.

Kayamba ndiyo ala ngumu kuliko zote kwa MP3. Mbegu zake ni maelfu ya mipasuko midogo ya sauti ya juu isiyojirudia sawasawa, na ukandamizaji unaishi kwa kutafuta kinachojirudia. Kwenye kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) inageuka mvumo wa maji, na inavuta matoazi pamoja nayo. Yamefanyika mawili: kayamba imekatwa juu ya 14 kHz na kushushwa 3 dB, na strimu ya hadhira imepandishwa hadi kbps 160. Kwenye 192 inakuwa bora zaidi, lakini tazama hesabu ya wiki ya 3.

Wiki ya 3. Seva

Icecast, programu ya kugawa strimu, kwenye seva ya kukodi yenye anwani ya kudumu, mlango 8000. Chumbani hakurushwi kwa watu moja kwa moja. Chumba kinatuma nakala kwa seva, seva inagawa. Hesabu ya ugavi ni rahisi: kbps 160 ni MB 72 kwa saa kwa kila msikilizaji. Wasikilizaji 60 ni Mb 9.6 kwa sekunde na GB 4.32 kwa saa. Kwenye kbps 192 saa hiyohiyo ni GB 5.18. Tofauti hiyo kwa onyesho moja si kitu. Kwa mazoezi ya kila wiki yenye strimu tatu inaanza kuonekana kwenye bili.

Faili la mipangilio la Icecast linakuja na maneno ya siri «hackme» kila mahali. Yabadilishwe yote, na si lile la kurushia tu. Mengine yaliyobadilishwa:

`<sources>` huja ikiwa 2. Mpango wetu una strimu nne (sababu iko wiki ya 4), na ya tatu ilikuwa inakataliwa kimya kimya, BUTT ikijaribu tena na tena kana kwamba nywila ndiyo mbaya. Imewekwa 6.

`<clients>` huja 100, imewekwa 150. Msikilizaji ambaye intaneti yake imekatika na kurudi huhesabiwa mara mbili kwa muda, mpaka muunganisho wa zamani ufe.

`<burst-size>` ni baiti 65,535, na imeachwa hivyo. Ndicho kiasi ambacho seva humsukumia msikilizaji mpya kwa mkupuo ili aanze kusikia mara moja. Kwenye kbps 160, ambazo ni baiti 20,000 kwa sekunde, hizo ni sekunde 3.3 za muziki uliokwisha kupigwa. Basi kabla hata ya bafa (hifadhi fupi ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya programu ya msikilizaji, tayari yuko nyuma kwa sekunde tatu na zaidi. Ikijumlishwa yote, kutoka kwenye kamba ya gita hadi sikio la mtu ndani ya Second Life, tunapanga kwa sekunde 5 hadi 30, na wasikilizaji wawili waliosimama bega kwa bega hawako pamoja. Mmoja anacheza kibwagizo, mwenzake bado yuko kwenye ubeti.

`<queue-size>` ni baiti 524,288, sawa na sekunde 26 kwa kbps 160. Msikilizaji akibaki nyuma kuliko hapo seva inamtoa. Hapa ndipo malalamiko ya «muziki umekatika kwangu peke yangu» hutoka. Jibu ni abonyeze kusimamisha na kucheza upya, hakuna cha kurekebisha seva.

`<source-timeout>` ni sekunde 10. Chumba kikiacha kutuma data zaidi ya hapo, strimu inafungwa na wasikilizaji wote wanaachwa hewani. Kwa hiyo kuna strimu ya pili, /subira, inayorushwa na programu ya Liquidsoap ndani ya seva yenyewe: gita moja likijirudia na sauti ya kuomba radhi. Wasikilizaji huhamishiwa huko wenyewe na kurudishwa wenyewe (/dansi ndiyo strimu ya hadhira, /akiba ni nakala yake ya dharura, zote zinaelezwa wiki ya 4):

```
<mount>
  <mount-name>/dansi</mount-name>
  <fallback-mount>/akiba</fallback-mount>
  <fallback-override>1</fallback-override>
</mount>
<mount>
  <mount-name>/akiba</mount-name>
  <fallback-mount>/subira</fallback-mount>
  <fallback-override>1</fallback-override>
</mount>
```

Ile `fallback-override` ikisahaulika, watu wanahamia lakini hawarudi. Bendi inaendelea kupiga na ukumbi mzima unasikiliza kuombwa radhi. Strimu zote tatu lazima ziwe za aina moja: MP3, 44.1 kHz, stereo. Moja ikiwa mono, programu nyingi za wasikilizaji hushindwa kuvuka.

Wiki ya 4. Solo la Muscat

Wiki hii ilichukua kazi kuliko zote, na ingechukua pungufu kama hesabu ingetangulia vifaa.

Mombasa na Muscat ziko karibu km 3,700 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo huenda km 200 kwa milisekunde, kwa hiyo hata kwa kebo ya ndoto, isiyokata kona, ni ms 18 kwenda tu. Kebo za kweli hukata kona, na njiani zipo ruta, na mwisho wa kila upande ipo kadi ya sauti yenye bafa yake. Wapigaji wanaanza kuvutana mdundo ukichelewa karibu ms 25 hadi 30. Ms 30 hewani ni mita 10: jaribu kupiga ridhimu na mpiga drams aliye upande wa pili wa uwanja wa voliboli. Programu za kupigia pamoja kama Jamulus na JackTrip ni nzuri sana kwa watu wa mji mmoja au miji jirani. Hazimshindi Mungu kwenye kasi ya mwanga.

NINJAM, programu nyingine ya aina hiyo, inaliendea tatizo kinyumenyume: badala ya kupunguza ucheleweshaji inaurefusha hadi ulingane na mzunguko mzima wa muziki. Ukiweka mapigo 16 kwa kasi ya 120, kila mmoja anawasikia wenzake sekunde 8 nyuma, lakini barabara juu ya mdundo. Kwa sebene ni kama imetungiwa sebene, maana kodi za gita zinazunguka zilezile na sekunde nane zilizopita zinafanana na sasa. Kwa ubeti unaobadilika, au kuitikiana kwa mwimbaji na gita, haifai hata kidogo. Imebaki ya mazoezi ya sebene tu.

Iliyochaguliwa ni njia ambayo wanamuziki wa Second Life wameitumia miaka mingi, strimu juu ya strimu. Chumba kinarusha /chumba kwa kbps 320. Muscat anaisikiliza, anapiga solo juu yake, na mchanganyiko wa vyote viwili unarushwa kutoka Muscat kuwa /dansi, ndiyo ile hadhira inayosikia. Hakuna anayepigana na ucheleweshaji. Unapita mbele tu, na solo linakaa juu ya mdundo kwa sababu mpigaji anausikia mdundo uleule utakaokwenda kwa watu. Bei yake: chumba hakimsikii kabisa.

Mambo manne yaliyojifunzwa hapa.

Bafa ya Muscat iwe kubwa, si ndogo. Silika ya kila fundi ni kuipunguza, na kwenye mnyororo huu ni kosa. Sekunde tano au kumi za kuchelewa hazimdhuru mtu, lakini bafa ikikauka katikati ya wimbo, drams zinapotea nusu sekunde, solo linaendelea peke yake, na hadhira inasikia mpiga gita aliyeachwa na bendi. VLC, programu inayocheza /chumba huko, imewekwa ms 5,000 za bafa ya mtandao.

Kuchanganya kufanywe kwenye miksa ya kawaida, si ndani ya kompyuta. Hili liliponza jaribio zima la kwanza. Ndani ya kompyuta, muziki wa Mombasa unachanganywa kabla haujatoka kwenye kadi ya sauti kwenda hedifoni. Gita linaingia baada ya mpigaji kusikia, kupiga, na sauti kurudi ndani. Kwa bafa ya sampuli 256 kila upande hiyo ni karibu ms 12. Kwa kiendeshi cha kawaida cha Windows inaweza kupita ms 100. Hedifonini mpigaji anajisikia yuko sawa, kwenye rekodi solo linaburuta mguu, na kila mtu anamlaumu mpigaji. Sasa kompyuta moja inacheza /chumba tu na kutoa sauti kwa waya hadi miksa. Gita linaingia miksa hiyohiyo. Mtoko wa miksa unaingia kompyuta ya pili inayorusha. Anachosikia ndicho kinachokwenda. Kama ni kompyuta moja, angalau mtoko na mwingio vipite miksani kwa waya, na ule mrejesho wa USB wa miksa uzimwe, la sivyo sauti inazunguka na kupiga mbinja.

Mnyororo ukikatika Muscat, ukumbi wote unakatika. Ndiyo sababu ya /akiba: chumba kinarusha mara mbili, /chumba kwa 320 na /akiba kwa 160, kwa kufungua BUTT mbili, kila moja na faili lake la mipangilio. Muscat akipotea, watu wanaangukia /akiba na bendi inaendelea bila solo. Wanaruka mbele sekunde kadhaa, kwa kuwa /akiba haikupita Arabuni, na solo likirudi wanasikia baa chache za wimbo kwa mara ya pili. Ingewezekana kuichelewesha /akiba kwa makusudi ili zilingane. Imeachwa. Kitu cha dharura kiwe chepesi.

Nne, ishara. Mpiga solo hawezi kuwaambia wa chumbani «tumalize», na chochote chumba kinachomwambia yeye kinasikika na hadhira. Muziki wa dansi una jibu lake tangu zamani: rapa. Sauti ya kuhamasisha katikati ya sebene ni sehemu ya wimbo na papo hapo ni ishara. Zimekubaliwa tatu, moja ya kubadili mtindo wa solo, moja ya mizunguko minne ya mwisho, moja ya kufunga, na drams zinathibitisha kwa kujaza kwenye mzunguko wa kabla. Mwanzo wa kila wimbo ni vijiti vinne, wazi, bila mtu kuongea juu yake.

Wiki ya 5. Jukwaa

Eneo moja la Second Life ni mita 256 kwa 256. Kuna mbinu inayosifiwa ya kujenga jukwaa kwenye kona ambapo maeneo manne yanakutana, ili hadhira igawanyike kwenye seva nne. Ni mbinu ya kweli na inafanya kazi. Kwa watu 60 ni kukodi lori kubeba mkoba, na anwani ya muziki inabidi iandikwe kwenye viwanja vinne; kimoja kikisahaulika, robo ya hadhira inasikiliza strimu ya jana. Tumebaki na eneo moja la binafsi, kiwanja kimoja.

Mipangilio ya kiwanja: ujenzi kwa wageni umefungwa, skripti (programu ndogo) za wageni zimefungwa, kusukumana kumefungwa, sauti ya mazungumzo imefungwa. Mahali pa kutua ni mita 25 kutoka jukwaani, wakitazama jukwaa. Bila hilo wageni wote wanadondokea kwenye nukta moja, kwa kawaida juu ya kichwa cha mpiga drams.

Anwani inabadilishwa na skripti kwa `llSetParcelMusicURL`, ili asiye fundi aweze kubonyeza kitufe cha jukwaani. Kifaa chenye skripti lazima kiwe mali ya mwenye kiwanja. Kama kiwanja ni cha kikundi, kifaa kikabidhiwe kikundi. Kisipokabidhiwa anwani haibadiliki. Kila mwito unailaza skripti sekunde 2, kwa hiyo kitufe kisibonyezwe kwa pupa.

Picha: tekscha za jukwaa ni pikseli 512 kwa 512. Moja ya 1024 inakula MB 4 za kumbukumbu ya kadi ya picha ikishafunguliwa, ya 512 inakula MB 1, na bango la nyuma ndilo pekee linalohitaji ukubwa. Avata wa bendi wana kikomo tulichojiwekea cha uzito wa 60,000, kwa kipimo cha Second Life cha ugumu wa kumchora avata. Avata mzito kupita kiwango alichoweka mtazamaji kwenye programu yake huonekana kama sanamu ya rangi moja. Mpiga besi aliyevaa nywele za uzito wa 90,000 ni kivuli cha bluu kwa nusu ya ukumbi.

Wiki ya 6. Mikono ya avata

Hakuna njia ya kuunganisha vidole vya mpigaji na vidole vya avata mbele ya hadhira ambayo kila mtu anasikia kwa wakati wake. Anayeahidi hivyo hajahesabu. Kinachowezekana ni kasi ilingane, ingawa pigo la kwanza halitalingana. Jicho linasamehe mkono ulioanza mapema kidogo. Mkono wa kasi ya 90 kwenye wimbo wa 126 halisamehe.

Nyimbo zimegawanywa katika kasi tatu: 96, 112 na 126. Kila animesheni ni mapigo 8 yanayojirudia, fremu 30 kwa sekunde. Mapigo 8 kwa 96 ni sekunde 5, fremu 150. Kwa 112 ni fremu 129, kwa 126 ni fremu 114, zimekadirishwa. Faili ni za BVH, aina ya faili ya kuhifadhi mwendo wa mwili. Fremu ya kwanza ya BVH haichezwi. Inatumika kama kipimo, na kiungo ambacho hakitofautiani nayo kinahesabiwa hakijahuishwa na kuachwa kwa animesheni nyingine. Mkono wa kushoto wa mpiga besi ulikuwa unaanguka kwa sababu hiyo: fremu ya kwanza ilikuwa nakala ya ya pili. Fremu ya kwanza sasa ni msimamo wa mikono iliyonyooshwa, na mzunguko unaanzia ya pili.

Kupakia kila animesheni hulipiwa kwa L$, pesa ya Second Life, na majaribio ni mengi. Yanafanyika kwanza kwenye OpenSimulator, seva inayofanana na ya Second Life, iliyowekwa kwenye kompyuta ya mezani, mlango 9000, ambako kupakia ni bure na Firestorm, programu tunayoingilia Second Life, inaingia kama kawaida. Kinachofika Second Life ni kilichokwisha kukubalika.

Gita linafungwa kifuani kwa avata, si mkononi. Likifungwa mkononi linapepea na mkono. Mpiga drams haanzishi kitu mwenyewe: animesheni imo ndani ya kigoda, akikaa anaanza.

Wiki ya 7. Sanduku la kutunza

Fupi. Ni sanduku la wageni kuitunza bendi kwa pesa. Tukio la `money` la skripti linapokea, `llSetPayPrice` inaonyesha viwango vinne vya kubonyeza, na jina la aliyetunza linaandikwa kwenye chati (mazungumzo ya maandishi) ya jukwaa. Kugawana kati ya watano kunahitaji skripti iruhusiwe kutoa pesa kwenye akaunti, na skripti yenye ruhusa hiyo ikiwa na kosa inaweza kukomba akaunti yote. Sanduku liko chini ya akaunti ya pembeni isiyo na kitu kingine, na mgao unafanywa kwa mkono baada ya onyesho.

Wiki ya 8. Zoezi kamili

Avata wa chumbani wanaongozwa na kompyuta mbili zenye muziki wa kiwanja umezimwa kabisa, si umepunguzwa. Mara moja uliachwa wazi kwenye hedifoni ya mwimbaji, na sauti yake ya sekunde 20 zilizopita ikamrudia katikati ya ubeti. Hakuna mwimbaji anayeshinda hilo.

Chati inafika chini ya sekunde moja, muziki baada ya nyingi. Mpiga besi akiandika «asanteni» anapomaliza, watu wanaisoma wimbo bado uko kwenye sebene. Chumba hakiandiki kitu. Anaandika mhudumu mmoja aliye ukumbini, anayesikia kile wanachosikia wageni. Yeye ndiye anatangaza wimbo unaofuata na kuwaambia wageni wapya wabonyeze kitufe cha muziki, kwa kuwa wengi wamekizima.

Makofi nayo yanakuja yamechelewa. Wimbo ukiisha, chumba kinaona ukumbi kimya, na ukimya huo ni mzito kuliko inavyodhaniwa. Sekunde 30 baada ya kila wimbo sasa zimepangwa: mwimbaji anaongea mpaka makofi ya wimbo uliopita yaonekane. Kumshukuru mtu kwa jina mapema ni kumshukuru kwa alichokuwa hajasikia.

Stima. Kompyuta ya kurusha (W 65), miksa (W 30) na ruta (W 12) ziko kwenye UPS yenye betri mbili za 12 V 7 Ah. Karatasi inasema Wh 168. Kwa betri za risasi zikivutwa kwa kasi hii, nusu yake ndiyo ya kutegemea, kama dakika 45. Ampu ya ridhimu haiko humo, na stima ikikatika ridhimu linahamia DI. Intaneti ya akiba ni simu. Mbps si tatizo: 320 na 160 pamoja ni MB 216 kwa saa. Tatizo ni kwamba kuhama kutoka kebo kwenda simu kunakata muunganisho, na BUTT hurudi yenyewe baada ya muda ambao mara nyingi unapita zile sekunde 10. /Subira ikasikika mara mbili kwenye zoezi, kwa sekunde chache, na hakuna aliyepotea ukumbini. `source-timeout` imepandishwa kidogo, hadi 15. Zaidi ya hapo ni kuwaacha watu kwenye ukimya badala ya gita.

Wiki ya 9. Saa na yaliyobaki

Second Life inafuata saa ya pwani ya magharibi ya Marekani. Onyesho la saa sita mchana ya huko ni saa nne usiku Mombasa wakati wa majira yao ya joto, na saa tano usiku baada ya wao kurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Muscat iko saa moja mbele yetu. Saa zetu hazihami, kwa hiyo onyesho ndilo linahama, na jirani wa chumba aambiwe mapema. Tangazo la Kiswahili linaandikwa «saa 4 usiku (22:00)», maana namba 4 peke yake inasomwa kwa njia mbili na watu wawili wa nyumba moja.

Bado: ishara ya pili ya rapa inafanana mno na ya tatu, itabadilishwa. Maiki ya kayamba isogezwe mbali na snea, kama sm 40 zaidi. Animesheni ya 112 ina mruko kwenye kiunga cha mzunguko, fremu ya 129 haifanani na ya 2. /Subira ina gita lililorekodiwa kwa 48 kHz.